Falaki Isiyohitaji Anga: Nyota na Mwezi Kaskazini ya Ziwa Tanganyika

Unajimu husifiwa kuwa ni elimu ya kusoma mbingu. Lakini ule uliofika Uvira na kando zote za kaskazini ya Ziwa Tanganyika ulikuwa umekwisha kuachana na mbingu muda mrefu, na nadhani ndiyo sababu uliweza kufika. Buruji 12 zilipangwa Babeli yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, zikapita kwa Wagiriki, na katika karne ya 2 Ptolemy wa Alexandria akazitafutia hoja. Jua alilipa buruji ya Asadi (Simba) iwe nyumba yake, kwa kuwa mwezi wa Julai na Agosti huko kwao jua hupanda juu na joto hufika kileleni. Hoja hiyo ina mantiki ukikaa Misri. Uvira iko nyuzi 3 na ushei kusini ya ikweta: Julai na Agosti ni kiangazi, na jua liko mbali upande wa kaskazini. Hapa linapita utosini Machi, likiwa katika buruji ya Hutu (Samaki), na mwanzoni mwa Oktoba, likiwa Mizani. Na Mizani, katika mafundisho ya Ptolemy huyo huyo, ni mahali ambapo jua hushuka hadhi! Kama sifa za nyota zilitokana na majira, basi huku zilipaswa kuandikwa upya. Hakuna aliyeziandika.

Hazikuandikwa kwa sababu falaki iliyopenya bara haikuuliza jua liko wapi. Baghdad ya mwaka 762 ilianza kujengwa kwa saa iliyochaguliwa na wanajimu, na karne iliyofuata Abu Mashari, aliyefariki 886, akawa jina kubwa kuliko yote katika fani hiyo. Vitabu vidogo vilivyobandikwa jina lake, vinavyotumiwa hadi leo na walimu wa pwani, hufundisha njia nyepesi: chukua herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, zihesabu kwa abjadi, ambamo kila herufi ina thamani ya namba, gawa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota yake, kuanzia Hamali (Kondoo). Hakuna haja ya saa ya kuzaliwa wala ya kutazama juu. Elimu ya namna hiyo hubebeka katika mfuko wa msafiri. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858 waliikuta tayari ni soko la pembe, watumwa, nafaka na vyuma, na katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Rumaliza, akiwa Ujiji, aliipa biashara ya Waswahili na Waarabu nguvu kubwa zaidi kaskazini ya ziwa. Uislamu uliingia kwa njia hizo hizo, pamoja na walimu wake, hirizi zao na bao lao la ramli. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa 1903, ameeleza jinsi watu walivyotafuta ushauri wa namna hiyo kabla ya kufunga safari.

Anga yenyewe ilibaki kwa wavuvi. Ndagala, samaki wadogo wa ziwa, huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ulikuwa moto ndani ya mtumbwi na wavu wa lusenga, na tangu miaka ya 1950 ni taa na wavu mkubwa unaoinuliwa kati ya mitumbwi iliyounganishwa. Mwezi ukiwa mpevu, kazi husimama takriban wiki nzima, nyavu zinashonwa. Atakayesema kwamba huu ni ushahidi wa nguvu za mwezi juu ya maisha yetu amekosea hatua moja. Samaki hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukimwaga mwanga ziwa zima, taa haina tena kinachoitofautisha. Sababu inajulikana, inapimwa kila mwezi, na mvuvi asiyeifuata anarudi mikono mitupu. Kati ya maarifa haya na buruji za kitabuni hakuna undugu, ingawa yote mawili huitwa elimu ya nyota na mwezi.

Wapo watakaodai kwamba naifanya falaki kuwa mgeni tu, wakati Kongo ina mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa 1950 na Jean de Heinzelin kando ya Ziwa Edward, wenye umri wa miaka kama 20,000. Alexander Marshack aliona katika mikwaruzo yake kalenda ya mwezi. Huenda, ila wengine wanaona hesabu tupu. Hata ikiwa kalenda, kuhesabu siku za mwezi si kutabiri bahati ya mtu. Kwa kweli Ishango ingekuwa babu wa mvuvi kuliko wa mnajimu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama hesabu ya majina haina msingi angani, mbona imedumu? Ibn Khaldun aliipinga falaki katika karne ya 14, wanazuoni wengi waliikataza, na bado mnajimu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki 2011, alisikilizwa Afrika Mashariki yote. Jibu langu ni kwamba haikuhitaji kusadifu. Msafara wa mamia ya watu wenye hofu na madeni tofauti ulihitaji siku moja ya kuondoka ambayo hakuna aliyeichagua kwa faida yake, na bao liliitoa. Mkuu wa msafara akisema "kesho" hubishiwa. Nyota ikisema, mabishano hukoma. Nyota za magazetini na za simu, kwa upande wao, zimerudi kwenye njia ya Ptolemy: zinadai tarehe ya kuzaliwa. Katika eneo hili la Uvira, ambako vizazi vingi havijaandikishwa katika ofisi ya état-civil, hilo ni sharti gumu. Kitabu chenye jina la Abu Mashari kinauliza tu jina la mtu na la mama yake.