Si kila chombo ni dau: majina ya vyombo vyetu vya baharini

Hapa Nairobi, kuanzia katikati ya jiji mpaka huku Kawangware ninakokaa, kila chombo chenye tanga huitwa "dhow". Watoto wetu waliozaliwa huku hawajui jina jingine, maana chombo wanachokipanda ni boti la kukodi pale Uhuru Park. Kwetu pwani, dau ni chombo kimoja tu kati ya vingi. Wazazi wenzangu mlioko bara, haya hapa majina, muwape watoto.

Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa na kutolewa moyo, mara nyingi la mwembe. Ukifungwa miti miwili ya kukingama, yenye ubao wa kuelea kila ubavu ili usipinduke, kisha ukatwekwa tanga, hiyo ni ngalawa.

Dau hujengwa kwa mbao, nalo limechongoka mbele na nyuma. Mashua nyuma yake ni bapa. Jahazi nalo ni bapa nyuma, lakini ni kubwa zaidi, la kubeba shehena. Boriti za mikoko za Lamu zilifika Mombasa kwa majahazi.

Mtepe ndio uliotutoka. Mbao zake hazikupigwa msumari wa chuma hata mmoja: zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Wabajuni wa visiwa vya Lamu walisifika kwa kuujenga. Ukikwama mchangani ulinyumbuka bila kuvunjika, ila ulivuja, na mabaharia hawakupumzika kuchota maji. Vyombo vya kushonwa vya pwani yetu vilitajwa na Mgiriki mmoja katika karne ya 1, katika kitabu cha Periplus. Karne ya 20 haikwenda mbali kabla mtepe haujatoweka baharini. Zanzibar ulijengwa mwingine wa maonyesho ndani ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Kule visiwa vya Karibi, Wataino walisafiri kwa mitumbwi waliyoiita canoa. Columbus alilisikia neno hilo mwaka 1492, na leo Waingereza husema canoe. Wataino wengi waliangamia, neno lao likabaki. Sisi tupo, na majahazi bado yapo, lakini maneno tunayaacha wenyewe.

Likizo ya Desemba ukienda na mwanao Lamu, mpitishe makumbusho aone mifano ya vyombo. Kisha mvuke naye hadi Matondoni, kwa mafundi. Akamwamkie fundi shikamoo, halafu amuulize: hili ni dau au ni mashua? Ataonyeshwa nyuma ya chombo, na hatasahau.