Poka ya Nyumbani na Mzigo wa Mwenye Meza

Poka haikuzaliwa sebuleni. Ilichipuka New Orleans na kwenye meli za mvuke zilizopanda na kushuka Mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19, na jina lake linahusishwa na mchezo wa Kifaransa ulioitwa poque. Karata zilikuwa 20 tu, yaani ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi. Wachezaji wanne waligawiwa tano tano, zikaisha zote, kilichobaki kikawa kupandisha dau na kutunisha misuli. Mwigizaji Mwingereza Joseph Cowell aliushuhudia mchezo huo melini mwaka 1829 na kuusimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1844. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jonathan Green, mcheza kamari aliyetubu, aliueleza kuwa mchezo wa walaghai. Abiria aliyekaa kwenye meza ile aliweza kushuka bandarini mifuko mitupu. Hata hivyo meza haikuwa yake, taa haikuwa yake, na pombe ikimwagika mtu mwingine ndiye aliyeshika kitambaa.

Karata 52 zilipoanza kutumika, meza iliweza kukaliwa na watu wengi zaidi, na mchezaji akaweza kubadilisha karata asizozitaka. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikafanya kazi iliyobaki: askari wa pande zote mbili waliucheza kambini, na waliosalimika wakarudi nao makwao. Mchezo ulihama baa ukaingia majumbani na mambo yake yote, isipokuwa mamlaka ya mwenye baa. Huyo alikuwa na haki ya kumtoa mtu nje, alikata fungu lake katika kila kitita, na alipochoka alizima taa. Mwenyeji wa nyumbani alirithi moshi, kelele na madeni, tena kwa wageni ambao angekutana nao kesho yake kazini au kanisani.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kanuni. Kila mji ulikuwa na zake. Karata tano zilizofuatana zilihesabiwa mahali pamoja na kupuuzwa pengine, na hata palipozikubali hapakukosa ubishi kama zinazishinda karata tatu zinazofanana. Mwenyeji asiyetangaza kanuni kabla ya karata kugawiwa alijikuta akizitangaza fedha zikiwa tayari zimerundikana mezani, na wakati huo kila neno lake lilimpendelea mtu. Wabishi walikuwa na mazoea ya kumtaja Edmond Hoyle, bingwa wa kanuni za karata. Bahati mbaya Hoyle alifariki London mwaka 1769, miongo kadhaa kabla ya poka kuwepo.

Haja hiyo ya kanuni ilimponza mwanadiplomasia mmoja. Robert Schenck, jenerali wa vita vile na mbunge wa zamani wa Ohio, alikuwa balozi wa Marekani Uingereza kuanzia 1871. Katika nyumba za wakuu alifundisha poka, na mwenyeji mmoja, mwanamke wa tabaka la juu, akamwomba amwandikie kanuni ili wageni wake waache kuulizana. Schenck aliandika, zikapigwa chapa, na kijitabu kikasambaa nje ya mduara uliokusudiwa. Wapinga kamari wa nchi zote mbili walimshukia. Kosa lake lilikuwa kumsaidia mwenyeji kupata usiku mmoja usio na mabishano.

Fedha zilileta shida ya namna nyingine. Baa za Magharibi mwa Marekani zilikubali sarafu na hata vumbi la dhahabu lililopimwa kwa mizani. Baadaye zikaja kete za mifupa na pembe za ndovu, na kuelekea mwisho wa karne zikaenea za udongo mgumu. Kete zilimgeuza mwenyeji kuwa mweka hazina. Yeye ndiye aliyeziuza mwanzoni, akazihesabu mwishoni, na hesabu ilipopungua yeye ndiye aliyefidia. Aliyeishiwa fedha aliomba akopeshwe, na kumnyima rafiki mbele ya watu ndani ya nyumba yako si jambo jepesi. Dwight Eisenhower alipokuwa ofisa kijana wa jeshi alishinda mno kiasi cha kuona ni afadhali aache kucheza na maofisa wenzake, kwa kuwa waliokuwa wakimlipa hawakuwa na uwezo.

Sheria nayo haikumsaidia mwenyeji. Wimbi la kupinga kamari lilifika hadi Nevada, iliyoipiga marufuku mwaka 1910 na kuiruhusu tena mwaka 1931. Milango ya baa ilipofungwa, ile ya nyumbani ndiyo iliyobaki. Majimbo mengi huuvumilia mchezo wa marafiki, ila mara nyingi kwa sharti kwamba mwenye nyumba asikate fungu. Texas, kwa mfano, humlinda mchezaji iwapo mchezo umefanyika mahali pa faragha, nafasi za wote ni sawa, na hakuna aliyefaidika kwa chochote zaidi ya alichoshinda mezani. Mwenyeji hununua bia, mikate na karata mpya, kisha akitoza senti moja kwa kila kitita, sebule yake yaweza kuhesabiwa kuwa pango la kamari. Kisanduku cha michango kilichowekwa jikoni ndiyo hila iliyozoeleka, na wanaokitumbukizia kitu ni wachache.

Mara nyingi mzigo haukumwelemea mchezaji mwenyewe bali mkewe. Rais Warren Harding, aliyeingia madarakani mwaka 1921, alialika wenzake kucheza poka Ikulu ya Washington. Marekani nzima ilikuwa chini ya marufuku ya pombe, lakini ghorofani wiski ilikuwepo, na mkewe Florence alizunguka akiwachanganyia wageni vinywaji. Karata hakugawiwa.

Ikulu hiyohiyo ilikuja kuonyesha tatizo sugu kuliko yote, nalo ni saa ya kumaliza. Aliyeshinda hutaka kulala, aliyeshindwa hutaka mkono mmoja zaidi. Rais Franklin Roosevelt alibuni dawa iliyoonekana haina mjadala: kila mwaka alialika watu kucheza usiku ambao Bunge lilitarajiwa kufunga kikao, na aliyekuwa mbele Spika alipopiga simu ndiye mshindi. Robert Jackson, mtu wake wa karibu aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alisimulia kilichotokea mwaka mmoja. Simu ilipigwa Roosevelt akiwa nyuma na Henry Morgenthau, waziri wake wa fedha, akiongoza. Roosevelt alisikiliza, akajifanya ni shughuli nyingine, akakata na kuendelea kucheza. Alipokuja kuongoza yeye, usiku umekwenda, aliletewa simu akaigiza kwamba Spika ndiyo kwanza anapiga. Asubuhi Morgenthau alisoma gazetini saa halisi ambayo Bunge lilifunga, akakasirika hadi kutaka kujiuzulu uwaziri.

Harry Truman alikutana na fumbo gumu zaidi: afanye nini mgeni wa heshima anapopigwa vibaya? Machi 1946 alisafiri kwa treni pamoja na Winston Churchill kwenda Fulton, Missouri, ambako Churchill alitoa hotuba yake kuhusu pazia la chuma. Usiku wakacheza poka. Churchill alijigamba kwa uzoefu wa tangu vita vya Makaburu, lakini punde ikadhihirika kwamba ni mchezaji dhaifu, na kete zake zikayeyuka. Alipotoka kidogo, Truman aliwaonya wasaidizi wake wasimkamue mgeni. Mmoja wao, Harry Vaughan, alipinga: ama wacheze kwa heshima ya taifa na kumvua Mwingereza suruali, ama wamwachie. Wakakubaliana njia ya kati, ashinde mara mojamoja lakini asiondoke akidhani Wamarekani hawajui poka. Clark Clifford, aliyekuwa mezani, ndiye aliyeihifadhi habari hiyo. Churchill aliondoka amepoteza dola 250 hivi, hasara ambayo mwenyeji stadi angeweza kuilenga makusudi.

Jukwaa la tamthilia liliielewa meza hii vizuri kuliko vitabu vya kanuni. Katika tamthilia ya Tennessee Williams ya mwaka 1947, A Streetcar Named Desire, usiku wa poka unarudi kule kule New Orleans, katika vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Muziki wa redio unamkera Stanley, mwenye nyumba aliyelewa. Anaitupa redio dirishani, kisha anampiga mkewe mjamzito, na wageni ndio wanaolazimika kumkamata na kumwagia maji kabla ya kuchukua fedha zao na kutoweka. Neil Simon aliligeuza jambo hilo kuwa kichekesho mwaka 1965 katika The Odd Couple. Jokofu la Oscar, mwenyeji, limeharibika wiki mbili, sandiwichi zake zina rangi ambazo hakuna anayethubutu kuzieleza, mgeni mmoja anataka kuondoka mapema na mwingine anachanga karata kwa mwendo wa konokono. Ijumaa ni Ijumaa, wanakuja tu. Kisha anahamia Felix, msafi kupindukia. Glasi zinawekewa vitambaa, moshi unafukuzwa, hata karata zinaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na hapo ndipo wanapoanza kuondoka mmoja baada ya mwingine. Uchafu waliuvumilia miezi yote. Kilichowashinda ni mwenyeji aliyewakumbusha kila dakika kwamba wako nyumbani kwa mtu.

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia kwa kushinda shindano dogo la mtandaoni, alitwaa ubingwa wa World Series of Poker na dola milioni 2.5. Kamera za mezani zilikuwa zimeanza kuwaonyesha watazamaji karata zilizofichwa, na kila aliyetazama alijiona anaweza. Washiriki wa shindano kuu walikuwa 839 mwaka ule. Mwaka 2006 wakafika 8,773. Majumbani desturi ya kila mgawaji kuchagua aina ya mchezo ilififia, ikatawala Texas Hold'em, ambayo kila mtu hupata karata mbili na tano huwekwa wazi katikati.

Pamoja nayo likaja shindano la mtoano, na kero ambayo Oscar hakuijua. Kiingilio ni kimoja, dau la lazima hupanda kila baada ya dakika kadhaa, na aliyeishiwa kete hutoka. Mgeni aliyeendesha gari saa nzima anaweza kutolewa katika mkono wa tatu. Hawezi kurudi mezani, na kuaga mapema hivyo kunaonekana kama kununa, basi anakaa kwenye kochi na simu yake. Akitolewa wa pili, mwenyeji hufungua meza ndogo jikoni, huko akihitajika mtu wa kugawa, huku meza kubwa wakiuliza dau limefika ngapi. Mara nyingi mwenyeji aliyegawanyika namna hiyo huwa wa tatu kutolewa.