Biashara za teknolojia kwa jamii za asili Australia: kwa nini mtandao pekee hautoshi

Mambo muhimu
• Australia imeahidi kufikia mwaka 2026 kuwa na usawa wa matumizi ya teknolojia ya kidijitali kati ya watu wa Mataifa ya Kwanza na raia wengine.
• Umbali, gharama za intaneti na ukosefu wa dhamana ya mkopo ni vikwazo vikuu kwa wajasiriamali wa maeneo ya mbali.
• Sheria za zabuni za serikali zinakazwa ili faida iwafikie wenye haki.

Jabiru ni mji mdogo uliomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kakadu, takriban kilomita 250 mashariki mwa Darwin, katika eneo la Northern Territory. Ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi wa urani wa Ranger. Januari 2021 mgodi huo ulisitisha uzalishaji, na Juni mwaka huohuo ardhi ya mji ikarejeshwa kwa Wamirarr, wamiliki wake tangu enzi za mababu. Furaha ya kurejeshewa ardhi iliandamana na swali zito: ajira za mgodi zikiisha, vijana watapata wapi riziki bila kuihama ardhi yao?

Hadithi za wazee kuwa mtaji

Jibu moja lilikuwa limeanza kuchipua hapo Kakadu kabla mgodi haujafungwa. Mwaka 2014 Mikaela Jade, mwanamke wa Cabrogal kutoka eneo la Sydney aliyewahi kuwa mhifadhi wa mbuga, alianzisha kampuni ya Indigital. Teknolojia yake humwezesha mtu kuelekeza simu kwenye mchoro au mahali fulani, kisha kioo cha simu kikaonyesha taswira zinazotembea pamoja na masimulizi ya wenyeji. Kampuni hiyo pia huwafundisha wanafunzi kuunda kazi za kidijitali zinazotokana na utamaduni.

Msingi wa kazi hiyo ni ridhaa. Wazee ndio wanaoamua ni hadithi ipi isimuliwe hadharani na ipi ibaki ndani ya ukoo. Kwa namna hiyo maarifa ya jamii hubaki mali ya wenyewe, hata yanapoingia sokoni.

Pengo la mtandao

Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu Waaborijini na Wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait 812,728, sawa na asilimia 3.2 ya watu wote. Wengi huishi mijini, lakini wale wa maeneo ya mbali ndio walioachwa nyuma zaidi. Kipimo cha kitaifa cha ujumuishaji wa kidijitali, kinachoangalia upatikanaji wa mtandao, gharama na ujuzi, kilionyesha mwaka 2023 kwamba watu wa Mataifa ya Kwanza walikuwa pointi 7.5 nyuma ya wakazi wengine. Kadiri mtu anavyoishi mbali na miji, ndivyo pengo hilo linavyopanuka.

Sababu zinaeleweka. Kampuni za simu husita kujenga minara palipo na wateja wachache. Familia nyingi hununua vifurushi vya malipo ya kabla, na simu moja huweza kutumiwa na watu kadhaa. Setilaiti za Sky Muster, zilizorushwa mwaka 2015 na 2016, zimefikisha intaneti mbali, lakini vifaa na malipo yake bado ni mzigo kwa wenye kipato kidogo.

Wapo waliobuni njia nyepesi. Taasisi ya Centre for Appropriate Technology ya Alice Springs, iliyoanzishwa mwaka 1980, husimika kando ya barabara madishi yanayokusanya mawimbi hafifu ya simu. Msafiri huweka simu yake mbele ya dishi na kupata mtandao. Dishi hilo halihitaji umeme.

Mkopo bila hati ya kuweka rehani

Mtandao ukishafika, hubaki suala la mtaji. Sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976 iliwarudishia Waaborijini wa Northern Territory maeneo makubwa, lakini ardhi hiyo ni ya jamii nzima na haiuzwi. Ulinzi huo ni wa thamani, ila mjasiriamali hawezi kuipeleka benki kama dhamana. Msomaji aliyekulia penye ardhi ya ukoo anaijua hali hiyo.

Ndiyo maana shirika la serikali la Indigenous Business Australia hutoa mikopo na ushauri kwa biashara za Waaborijini na Wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait. Aidha, tangu Julai 2015 serikali ya shirikisho imejiwekea malengo ya kununua bidhaa na huduma kutoka biashara zao. Lengo la thamani ya zabuni lilipanda hadi asilimia 3 Julai 2025, na linakusudiwa kufikia asilimia 4 mwaka 2030.

Hata hivyo, palipo na zabuni hapakosi wajanja: wapo wanaomtanguliza mwenyeji kwa jina tu huku faida ikienda kwingine. Kwa sababu hiyo serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Julai 2026 biashara italazimika kumilikiwa au kudhibitiwa na watu wa Mataifa ya Kwanza kwa angalau asilimia 51.

Nawe msomaji?

Misaada hiyo maalumu haiwahusu wahamiaji. Lakini wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi katika miji ya mikoani kama Shepparton na Albury wanaweza kuanza kwa hatua zilizo wazi kwa kila anayestahili: kusajili namba ya biashara, ABN, ambayo hutolewa bure, na kujiandikisha kwa kodi ya GST mapato ya biashara yafikapo dola 75,000 kwa mwaka.

Ukialikwa kushirikiana na biashara ya wenyeji, uliza kwanza nani anaimiliki na nani anaamua. Na ukitaka kutumia mchoro au hadithi yao katika programu yako, omba ridhaa kabla ya kuanza kazi.