Walimu wa Elimu Maalumu na Somo la Kusoma katika Nyanda za Mlima Kenya

Mafunzo ya walimu katika nyanda zinazouzunguka Mlima Kenya yalipita kwa miongo mingi katika njia mbili ambazo hazikukutana. Njia ya kwanza ilikuwa ya ualimu wa kawaida, ambao hoja yake kuu ilikuwa namna mtoto anavyojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu; ya pili ilikuwa ya elimu maalumu, yaani elimu inayopangwa kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu au matatizo ya kujifunza, ambayo iliutazama kwanza ulemavu wenyewe na vifaa vyake. Kangari, soko la ukanda wa chai wa Kigumo katika kaunti ya Murang'a, liko katikati ya vituo ambako njia hizo zilichipukia: upande wa kaskazini kuna Tumutumu na Nyeri, na upande wa kusini kuna Thika na Kabete. Kutengana kwa njia hizo ndiko kunakoeleza kwa nini mwalimu wa elimu maalumu aliweza kuhitimu akiwa amebobea katika breli au lugha ya ishara, huku somo la kusoma lenyewe likiwa limeachiwa uzoefu wake.

Shule za kwanza za eneo hilo zilianzishwa na wamisionari. Wakonsolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na Wapresbiteri wa Scotland wakafungua kituo cha Tumutumu mwaka 1908. Kwa kuwa kusoma Maandiko kulikuwa sehemu ya mafundisho ya dini, kujua kusoma kulitangulia karibu kila somo jingine. Mbinu iliyozoeleka ilikuwa ya silabi, ambapo konsonanti huunganishwa na irabu moja baada ya nyingine, kisha silabi huunganishwa kuwa maneno. Mbinu hiyo iliifaa Gĩkũyũ, kama inavyokifaa Kiswahili, kwa sababu katika lugha zote mbili herufi na sauti zinalingana kwa utaratibu ulio thabiti, tofauti na Kiingereza ambacho tahajia yake mara nyingi haifuati matamshi. Hata hivyo, mwalimu wa kijijini aliyeipokea aliipokea kama mazoea ya kukariri kwa sauti, na mtoto aliyeshindwa kuandamana na wenzake hakuwa na mahali pengine pa kupelekwa.

Jaribio la mapema la kumfuata mwalimu hadi darasani lilikuja na Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 kwa mfano uliotoka kusini mwa Marekani. Walimu wenye uzoefu walipelekwa huko pamoja na wake zao, wakafunzwa, kisha wakarudishwa wilayani ili wazitembelee shule za vijijini, wafundishe mbele ya walimu wenzao na kuwasahihisha. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya wamisionari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, shule huru zilienea Murang'a, Nyeri na Kiambu, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha ualimu cha Githunguri ili kuzipatia walimu. Chuo hicho kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, wakati hali ya hatari ilipotangazwa. Katika harakati zote hizo ualimu ulijadiliwa kama suala la dini, ardhi na siasa, lakini mtoto mwenye ulemavu hakuwa na nafasi katika mjadala.

Nafasi hiyo ilianza kupatikana Thika. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha huko shule ya wasioona, ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki, na shule hiyo ikawa pia mahali ambapo vitabu vya breli vilichapishwa. Breli ni maandishi ya nukta sita zinazosomwa kwa ncha za vidole, na ina ngazi mbili: ya kwanza huandika neno herufi kwa herufi, na ya pili hutumia vifupisho vingi vinavyomwezesha msomaji kwenda kwa kasi. Mwalimu wa Thika alipaswa kuimudu mifumo yote miwili kabla hajaingia darasani, na umahiri huo wa kifaa ulichukua sehemu kubwa ya maandalizi yake. Swali la namna mtoto asiyeona anavyotambua sauti za lugha, anavyopanua msamiati wa vitu asivyoweza kuviona na anavyofikia ufahamu wa matini lilibaki chini ya kivuli cha swali la nukta.

Kwa viziwi hali ilikuwa ngumu zaidi. Kanisa la Presbiteri lilisimamia shule za viziwi Kambui, katika Kiambu, na Tumutumu, karibu na Karatina, katika kipindi ambacho walimu walifunzwa mbinu ya usemaji, yaani kumtaka mtoto asome midomo na kutamka maneno huku ishara zikikatazwa au kupuuzwa. Saa nyingi za darasani zilikwenda katika matamshi, ilhali mtoto alikosa lugha kamili ambayo juu yake usomaji ungejengwa. Ni katika miaka ya 1980, kuanzia Machakos, ambapo ishara zilianza kukubaliwa rasmi darasani, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaka serikali kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na breli.

Baada ya uhuru, tume na kamati kadhaa, zikiwemo ile ya Ominde ya mwaka 1964 na ile ya Gachathi ya mwaka 1976, zilitaja wajibu wa taifa kwa watoto wenye ulemavu. Hatua mbili za miaka ya 1980, zilizofadhiliwa na Denmark, ndizo zilizoyapa matamko hayo umbo. Mwaka 1984 vilianzishwa vituo vya upimaji wa kielimu wilayani, ambapo mtoto aliweza kuchunguzwa na mzazi kushauriwa kuhusu shule inayomfaa. Na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, inayojulikana kama KISE, yenye makao Kasarani, Nairobi. Walioingia humo walikuwa walimu waliokwisha kuhitimu katika vyuo vya kawaida kama Kamwenja cha Nyeri au kile cha Murang'a. Masomo yao yaligawanywa kwa aina za ulemavu, na mpango huo ulidhani kwamba ufundishaji wa kusoma ulikwisha kushughulikiwa katika chuo cha awali.

Dhana hiyo ilikuwa na kasoro, kwa maana njia ya kawaida nayo ilikuwa ikiyumba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 mbinu mpya ya Kiingereza tangu darasa la kwanza ilienea shuleni, kisha katika miaka ya 1970 vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vikarudisha lugha za nyumbani, ikiwemo Gĩkũyũ. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo, madarasa yalifurika, na miaka michache baadaye uchunguzi wa shirika la Uwezo ukaonyesha kwamba ni takriban watoto watatu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti usiotokana na upungufu wa akili wala wa kuona, alijificha kwa urahisi katika umati wa namna hiyo, kwa kuwa mwalimu hakuwa na njia ya kumtofautisha na yule ambaye hakufundishwa vizuri.

Wakati huo ushahidi wa kimataifa ulikuwa umekusanywa. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani kuhusu usomaji lilipitia tafiti nyingi na kubainisha nguzo tano: utambuzi wa fonimu, uhusiano wa herufi na sauti, ufasaha, msamiati na ufahamu. Kinachoitwa ufundishaji unaotegemea ushahidi ni ule unaofuata mbinu zilizolinganishwa kwa utafiti na nyingine zikaonekana kuleta matokeo bora, na Kenya iliupata ushahidi wake yenyewe kupitia mradi wa PRIMR, uliojaribiwa kati ya mwaka 2011 na 2014 katika maeneo kadhaa, ikiwemo Kiambu, jirani wa Murang'a. Katika jaribio moja la mradi huo, lililofanywa Bungoma na Machakos, mafunzo ya walimu yalizaa zaidi yalipoambatana na ziara za ushauri darasani, kitabu kwa kila mtoto na kiongozi cha mwalimu kilichopangwa somo kwa somo. Kuanzia mwaka 2015 programu ya Tusome iliyapeleka matokeo hayo katika shule za msingi za umma nchini kote, na maafisa wa kusaidia mtaala wakaanza kuzitembelea wakiwa na tableti za kurekodi usomaji wa watoto. Miaka 90 baada ya Kabete, kazi ya mwalimu wa Jeanes ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na kipimo.

Hapo ndipo njia mbili zilipokaribiana. Vitabu vya Tusome vilitolewa kwa breli, na hadithi za watoto zikaanza kurekodiwa kwa video katika Lugha ya Ishara ya Kenya. Stashahada mpya ya ualimu wa msingi, iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 mwaka 2021, ililiweka suala la elimu jumuishi, inayowapokea wanafunzi wote katika shule moja, ndani ya maandalizi ya kila mwalimu, kulingana na sera ya wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitokana na watoto wanaosikia na kuona, tena waliofundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kiongozi cha mwalimu kinachomtaka mwanafunzi atamke sauti ya herufi hakimfai mtoto kiziwi wa Tumutumu ambaye lugha yake ya kwanza ni ya mikono, wala hakimtoshi yule wa Kangari ambaye herufi zilezile zinamchanganya baada ya mihula mitatu. Wajibu ambao historia hii inauweka juu ya vyuo ni kumfundisha mwalimu wa elimu maalumu nguzo za usomaji kwa kina kilekile anachofundishwa breli na ishara, kumpa kipimo cha kujua ni nguzo ipi iliyomkwamisha mwanafunzi wake, na kumwekea mshauri atakayemtembelea darasani baada ya kuhitimu. Mambo hayo matatu yamekwisha kujaribiwa katika nyanda hizi, kila moja kwa wakati wake na katika taasisi yake. Kilichokosekana ni kuyaweka mikononi mwa mwalimu mmoja.