Kisiwa Kisicho na Bahari

Watu wa visiwani wana jambo moja wanalotuzidi sisi wa bara: wanajua nchi yao inapoishia. Mtu wa Unguja au wa Pemba, akishika njia yoyote, mwisho wake atakanyaga maji ya chumvi. Hapo hahitaji askari wala bango la kumwambia kwamba nchi imekwisha. Hata hesabu ya watu wake ni rahisi kuielewa: ardhi ni ile ile, na kila anayeingia huingia kwa chombo.

Ukiitazama ramani ya Ngara na Biharamulo waweza kudhani nazo ni kisiwa cha namna yake. Ngara imezungukwa na mito: Ruvubu unaingia kutoka Burundi, unakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, kisha Kagera unaendelea ukiitenga Tanzania na Rwanda. Biharamulo, kabla ya kumegwa kwa wilaya ya Chato, ilifika hadi kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria. Ngara peke yake ina eneo la kilomita za mraba kama 3,700, wakati Unguja na Pemba kwa pamoja ni kama 2,500. Lakini katika sensa ya 1988 Zanzibar ilikuwa na watu wapatao 640,000, na Ngara haikufikisha 200,000. Msomaji wa takwimu angesema basi, huku kuna nafasi. Neno hilo "nafasi" ndilo ninalotaka tulitafakari.

Kwanza, mto huu haukuwa ukuta. Bugufi, sehemu ya milima ya Ngara wanakoishi Wahangaza, ilikuwa chini ya Mwami wa Burundi kabla ya ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, Bugufi ikabaki Tanganyika. Ndugu wa damu wakawa raia wa nchi mbili, lugha zao zikiendelea kusikilizana. Ng'ambo ya mto palikuwa ukweni na sokoni muda mrefu kabla ya kuitwa nchi ya nje.

Pili, mapori ya Biharamulo hayakuwa matupu tangu Mungu alipoumba dunia. Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na ndui na njaa vikafuata. Mifugo ilipokwisha na mashamba yalipoachwa, vichaka vilirudi, na pamoja navyo mbung'o na malale. Enzi ya Waingereza watu walihamishwa wakakusanywa katika makazi ya pamoja ili kuukwepa ugonjwa huo. Walikotoka pakawa makao ya wanyama. Baadaye pakaitwa pori la akiba, na mwaka 2019 pori la Biharamulo likaunganishwa na ya Burigi na Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mgeni akipita leo husifu uasilia wake. Asili, ndiyo, lakini asili iliyosaidiwa na misiba ya watu.

Kisiwa chenyewe cha kweli kipo ziwani, mbele ya mwambao huo, nacho ni Rubondo. Wavuvi na wakulima wa migomba waliokuwa wakiishi humo waliondolewa miaka ya 1960, na mwaka 1965 kikawa pori la akiba. Sokwe waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama za Ulaya wakaletwa kuishi humo. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Kumbe hata kisiwa, ambacho mipaka yake haibishaniwi, chaweza kuwa na watu au kukosa watu kwa kauli ya binadamu.

Ndipo ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, na mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Tarehe 28 Aprili, kwa muda wa kama saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Wengi walikuwa raia wa kawaida, wanawake na watoto. Lakini walioua nao walikuwemo, na hilo halifai kufichwa. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu mingi. Zikafuata Lumasi, Musuhura na nyinginezo, na Lukole kwa ajili ya Warundi. Ngara, wenyeji na wageni kwa pamoja, ikawa inakaribia idadi ya watu wa Zanzibar nzima.

Ile "nafasi" ikaonekana ilivyo. Ardhi ilikuwepo, lakini maji hayakuwepo, na kuni zilikwisha kilomita baada ya kilomita. Wenyeji walipata soko la ndizi zao, kazi na barabara. Wakapata pia wizi, hofu na vilima vilivyobaki vipara. Mwezi Desemba 1996 serikali iliamua Wanyarwanda warudi kwao ifikapo mwisho wa mwaka. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Askari wakawageuza, na mamia ya maelfu wakavuka tena daraja lile lile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliwahi kuifuata methali hiyo. Miaka ya 1960 Wanyarwanda walipewa ardhi Muyenzi, papa hapa Ngara, na mwaka 1980 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa nchini. Waliokuja baada ya 1994 walipewa chakula cha mgao, na baadaye wakakatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini. Sisemi kwamba jembe lingetosha kwa watu wengi kiasi kile. Nasema tu kwamba mtu asiyeruhusiwa kulima wala kutembea atabaki mgeni hata akikaa miaka kumi.

Lukole ilifungwa mwaka 2008. Sensa ya 2002 ilikuwa imeikuta Ngara na watu 334,939. Ile ya 2012 ikaikuta na 320,056. Katika nchi ambayo idadi ya watu huongezeka kila sensa, wilaya moja ilipungua, na kina mama wake hawakuwa wameacha kuzaa. Ndugu msomaji, ukikutana na tarakimu za namna hiyo usizipite haraka. Tarakimu zitakueleza ni wangapi waliokuwepo usiku wa kuhesabiwa, nawe itakubidi uulize ni nani aliyeondoka, aliondokaje, na ni nani aliyekuwa akiliita shamba lile la kwake kabla halijaitwa pori.