Mwanza si ya kupita tu: maeneo ya kutembelea mjini na visiwani, na namna ya kuvuka ziwa salama

Watalii wengi wanaotua Mwanza hawalali. Wanashuka uwanja wa ndege, wanapanda gari, na baada ya saa mbili au tatu wako geti la Ndabaka kuingia Serengeti. Wafanyabiashara nao wanakuja, wanamaliza shughuli zao, wanakula sato mmoja wa kukaanga, kisha wanapanda basi kurudi walikotoka.

Sababu kubwa ni maji. Sehemu nzuri zaidi za ukanda huu ziko ng'ambo, na ng'ambo hapataki haraka. Lazima ujue chombo kipi kinakwenda wapi, kinaondoka saa ngapi, na siku gani ni heri kubaki nchi kavu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na nusu yake hivi iko Tanzania. Wanaoliita ziwa wakidhani ni bwawa kubwa hubadili kauli wakishafika katikati.

Haya ni maeneo ya kuanzia, kutoka ya karibu hadi ya mbali.

Mjini: mawe, koroboi na samaki

Jiwe la Bismarck ndilo picha ya Mwanza kwenye kadi, kalenda na simu za watu. Liko majini kando ya barabara, karibu na kivuko cha Kamanga, na lilipewa jina la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani wakati nchi hiyo ilipoanza kutafuta makoloni Afrika. Jina la mgeni limebaki, ila jiwe lilikuwepo kabla ya Wajerumani kujua kama kuna ziwa hapa. Dakika kumi zinatosha. Nenda jioni, jua linapozama.

Panda pia mlima Isamilo. Ni kutoka vilima hivi vya Mwanza ambako John Hanning Speke aliliona ziwa mwezi Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza.

Makoroboi ilipata jina lake kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi, zile taa za mafuta ya taa, kwa makopo yaliyotupwa. Leo ni eneo la biashara lenye watu wengi, simu iwe mfuko wa mbele. Mwaloni Kirumba ni kwa anayetaka kuona uchumi wa ziwa ukifanya kazi: dagaa kwa magunia, sangara, sato, na wachuuzi wanaopeleka mzigo hadi nchi jirani. Fika mapema asubuhi na usivae viatu vyeupe.

Saanane: hifadhi unayoiona ukiwa mjini

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18 tu ukijumlisha na maji yanayoizunguka. Ofisi na kituo cha boti viko Capri Point, na safari ya boti ni ya dakika chache.

Kisiwa kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, na jina lake ndilo lililobaki. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya umma nchini, na baadhi ya wanyama walihifadhiwa hapo kabla ya kuhamishiwa Rubondo. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 2013.

Usiende ukitegemea Serengeti ndogo. Utakuta swala, pimbi wengi, mijusi yenye rangi kali wakiota jua juu ya mawe, na ndege. Uzuri wake ni kwamba familia inaweza kwenda na kurudi ndani ya nusu siku, na watoto wakalala na hadithi. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda boti, hapa ndipo pa kuanzia.

Bujora: makumbusho ya Wasukuma

Kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ya Musoma, unashuka Kisesa. Daladala zipo muda wote, kipande kilichobaki unamalizia kwa bodaboda.

Makumbusho haya yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyekaa na Wasukuma hadi akajua ngoma zao kuliko vijana wengi wa leo. Moja ya majengo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani kuna ngoma na vifaa vya watemi. Kuna pia nyumba ya kienyeji, zana za mhunzi na vyombo vya mganga. Omba mwongozaji. Bila maelezo utaona vyungu na mikuki tu, ukatoka baada ya robo saa.

Ukiweza, nenda mwezi Juni wakati wa Bulabo. Sherehe hii iliunganishwa na sikukuu ya Wakatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, na neno lenyewe lina maana ya maua. Hapo ndipo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu karne ya 19, hutafuta nani atavuta watu wengi zaidi. Majaji ni watazamaji wenyewe: upande uliojaa ndio umeshinda. Wacheza nyoka huja na chatu, kwa hiyo mwenye moyo mwepesi asimame nyuma.

Kutoka upande huohuo wa Magu unaweza kuingia Kageye, kijiji cha ufukweni ambako Henry Morton Stanley aliweka kambi mwaka 1875 kabla ya kulizunguka ziwa kwa mashua. Mmoja wa wenzake, Frederick Barker, alifia na kuzikwa huko. Anayependa historia atapafurahia. Wengine watasema wameona kijiji cha wavuvi.

Igoma, kabla ya kupanda meli

Sehemu hii haipo kwenye vipeperushi vya watalii. Katika makaburi ya Igoma wamelala watu waliokufa katika ajali ya MV Bukoba, iliyopinduka na kuzama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikitokea Bukoba na ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika bandari ya Mwanza. Waliokufa ni zaidi ya 800. Familia nyingi za Kagera na Mwanza zina jina la mtu wao kwenye ile orodha, na kila Mei watu hukusanyika kuwaombea.

Ukipita, ingia kwa heshima. Si mahali pa kupiga selfi.

Ukerewe: kisiwa chenye mji, mashamba na mwandishi

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na mji wake ni Nansio. Njia ni mbili. Ya kwanza ni meli kutoka Mwanza, saa tatu hivi. Ya pili ni kuzunguka kwa gari hadi Bunda, kushika njia ya Kisorya, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi. Njia ya barabara ni ndefu na inachosha, lakini anayeogopa maji huipenda kwa sababu kipande cha ziwani ni kidogo.

Kisiwani, kodi baiskeli au tafuta bodaboda wa siku nzima. Kuna mashamba ya mihogo na michungwa, makanisa ya zamani, na Bukindo, yalipo makazi ya watemi wa Wakerewe. Kuna pia kumbukumbu moja ambayo Watanzania wengi hawaijui. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe miaka ya 1940. Ilikaa zaidi ya miaka 30 bila mchapishaji. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Wanaosoma fasihi vyuoni wanamjua. Abiria anayeshuka Nansio hana cha kumwambia kuwa amefika kwao.

Ukara: mbali zaidi, na panafaa kufikiwa

Kaskazini ya Ukerewe kuna Ukara. Kutoka Nansio unakwenda Bugolora, pale unapanda kivuko hadi Bwisya. Kwenye ramani ni kama kipande cha ukucha, ila kina watu wengi kwa eneo lake, na hapo ndipo maajabu yake yalipo.

Kwa kukosa ardhi, Wakara walilazimika kubuni kilimo chao wenyewe, na wataalamu walikuwa wakikiandikia tangu enzi za ukoloni. Ng'ombe hawaachiwi kuzurura. Hufungwa ndani, hukatiwa majani na kuletewa, kisha samadi yote hurudi shambani. Mawe hupangwa kuwa kuta za kuzuia udongo usishuke na mvua. Hata miti ina mwenyewe, haukati tu kwa sababu umeikuta imesimama. Mkulima kutoka bara mwenye ekari 20 zilizochoka akitembea Ukara kwa siku moja, atarudi na maswali.

Kuna pia jiwe linalocheza, jiwe kubwa lililokaa juu ya mengine, ambalo wenyeji wanasema hutikisika likiimbiwa na kuombwa kwa taratibu zake. Usiende kulisukuma mwenyewe. Ni mahali pa mila, kuna wazee wake, na huanza kwa kubisha hodi.

Njia hiyo ya Bugolora–Bwisya ndiyo iliyomchukua MV Nyerere. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko hicho chenye uwezo wa kubeba watu 101 kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya. Watu 228 walikufa, 41 waliokolewa. Mmoja wao alikuwa fundi wa kivuko, aliyetolewa akiwa hai siku mbili baadaye kutoka ndani ya chombo kilichokwisha geuka juu chini. Waliokuwa nchi kavu kupokea ndugu na mizigo waliona yote kwa macho. Baadhi ya marehemu walizikwa Bwisya, jirani na maji yaliyowachukua. Serikali baadaye ilileta kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II.

Wakara hawajaacha kuvuka. Hospitali kubwa, soko na shule za juu viko ng'ambo, watafanyaje? Mgeni ana nafasi ambayo mwenyeji mara nyingi hana: anaweza kukiangalia chombo kilichojaa, akasema atapanda kinachofuata.

Rubondo: sokwe waliorudishwa kwao

Mpaka juzi, safari ya kwenda magharibi ilianza na foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Ukifika umechelewa, unakaa. Tangu Juni 19, 2025, kuna daraja la JP Magufuli, kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, na unavuka kwa dakika chache. Wengi hupunguza mwendo wapige picha, ingawa kusimama katikati ya daraja si jambo la kufanya.

Daraja limeisogeza Rubondo karibu. Unapita Sengerema na Geita, kisha boti kutoka Nkome au kutoka Kasenda upande wa Chato. Hifadhi ina takriban kilomita za mraba 457, nusu hivi ikiwa kisiwa chenye msitu na iliyobaki ni maji. Hakuna simba wala chui, kwa hiyo matembezi ya miguu na askari ni ya kawaida.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliletwa hapa kutoka Ulaya, ambako waliishi kwenye bustani za wanyama, na kuachiwa msituni chini ya mpango wa Bernhard Grzimek wa Frankfurt. Baadhi walikuwa wamekaa vizimbani miaka mingi. Wakafunguliwa mlango, wakaachwa wajitafutie. Mwanzoni haikuwa rahisi, na wapo waliowashambulia watu, maana hawakuwaogopa. Lakini wakajifunza kula matunda ya msitu, wakajifunza kujenga viota, wakazaa. Wanaoonekana leo ni watoto na wajukuu zao.

Si kila aliyeletwa alipona. Vifaru weusi waliohamishiwa Rubondo waliisha kwa majangili. Tembo na twiga wapo, na nzohe, swala wa kwenye matope mwenye kwato ndefu, ni mwenyeji wa asili. Watu pia waliishi kisiwani, wakahamishwa miaka ya 1960 ili wanyama wapate nafasi, jambo ambalo waongozaji hawalitaji mpaka waulizwe.

Rubondo si ya bei rahisi. Boti, kiingilio na malazi hupangwa kabla na TANAPA, na anayefika Nkome bila mpango ataishia kuangalia kisiwa kwa mbali. Viwango vya Watanzania ni tofauti na vya wageni, beba kitambulisho cha NIDA.

Kabla ya kuvuka

Uliza ratiba siku moja kabla, bandarini au gatini. Meli hutengenezwa na siku hubadilika, na ratiba iliyoko mtandaoni huenda ni ya mwaka juzi.

Radi na dhoruba za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, na upepo wa mchana hukuza mawimbi. Wavuvi wakisema leo hapana, ni hapana. Kwenye boti ndogo na mitumbwi, vaa jaketi la kujiokolea kabla ya kuondoka, na hakikisha kamba zake zinafunga. Lililokunjwa chini ya gunia la dagaa halitakusaidia. Tiketi iwe na jina lako. Ajali zote mbili zilifuatiwa na siku za watu kutafutana, kwa sababu hakuna aliyejua hasa nani alipanda.

Mwisho ni kichocho. Kipo kwenye maji ya kando ya ziwa, hasa yaliyotulia na yenye majani, na kinaingia kupitia ngozi bila kuuma. Ukiogelea au ukilazimika kushuka majini ili upande mtumbwi, jikaushe haraka, kisha baada ya wiki sita hadi nane pima hospitali hata kama hujisikii vibaya. Dawa ipo na inatibu.