Damu ya Keya

Binamu yangu wa Wote amejaribu kuingia jeshini mara tatu. Kila akirudi uwanjani bila barua ya kuitwa, mjomba wetu humpigia simu kutoka Mwingi na maneno yale yale: "Usife moyo, mjomba. Wewe ni damu ya keya."

Utotoni nilidhani Keya ni jina la ukoo. Kumbe ni herufi tatu tu: K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Kenya, Uganda na Nyasaland. Zitamke upesi anavyotamka Mwingereza, ile r ya mwisho isisikike: kei-ei-aa. Keya hiyo. Babu zetu walilipokea neno kwa sikio, gwarideni, hawakulisoma popote. Kariakoo nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hiyo "corps" Mwingereza huisema koo.

Lakini mbona sijawahi kusikia mtu akijisifu eti ni damu ya kariakoo? Wakamba walikuwamo, na wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara na malaria. Labda mzigo kichwani haupendezi kusimuliwa kama bunduki begani.

Na hiyo damu yenyewe, tuiulize vizuri. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya watu wa Machakos ng'ombe wao, ikidai wamezidi na wanaharibu udongo. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos. Muindi Mbingu akaongoza maandamano hadi Nairobi, akakamatwa na kupelekwa Lamu. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imeshawabandika Wakamba jina la kabila la wapiganaji, maana iliwahitaji. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na vijana wa Ukambani wakajikuta Uhabeshi, kisha Burma. Mshahara ulilipa kodi, na uliobaki ukanunua ng'ombe. Mimi hapo naona hesabu ya nyumbani kuliko damu, hasa Kitui, ambako mvua ikikosa misimu miwili boma linabaki tupu.

Tarehe 12 Desemba 1963 jeshi likabadilishwa jina, likawa Kenya Rifles. Mfalme akatolewa. Ingawa kwa kweli kwenye keya hakuna aliyekuwa akimsikia.

Juzi nilimweleza binamu haya yote tukiwa kwenye matatu. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Sawa, lakini mjomba usimwambie."

Kisha akaniuliza kama naweza kumkopesha nauli. Usajili ujao atajaribu Kibwezi, na mwaka ujao atakuwa amevuka umri.